Emil Hrivnak na Semina ya Vyumba Viwili

Emil Hrivnak alikuwa mtu wa kufunua. Akipewa sandwichi, hata na mkewe, aliinua kwanza mkate wa juu akatazama kilichomo, ndipo akauma. Akinunua mayai alifungua boksi pale pale dukani na kuyageuza moja moja. Gari geni likisimama mtaani kwao, alitoka nje akajifanya anakusanya majani makavu, kumbe anasoma namba ya gari. Mkewe, Darla, alikuwa akimwambia, "Wewe Emil, siku ukifa utamwambia malaika avue mabawa kwanza uyakague."

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha chuma katika jimbo la Ohio, Marekani, upande wa mashariki, ambako wazee wao wa Kislovakia walihamia kwa ajili ya kazi hiyo. Ijumaa moja wakubwa wa kiwanda walipita wakiwapa wafanyakazi mikono na kuwaulizia hali za watoto. Jumatatu kiwanda kikafungwa. Emil alikuwa bado mwanafunzi. Aliporudi nyumbani alimkuta baba yake amekaa jikoni na koti la kazi mwilini, akirudia neno moja: "Walitupa mikono. Emil, walitupa mikono." Tangu siku ile Emil akajua la kujua. Bosi akinuna, fanya kazi yako. Bosi akicheka, kaa macho.

Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya boila, yale matangi makubwa ya kuchemshia maji yawe mvuke, katika chuo kimoja cha watoto wa watu wenye nafasi, kwenye mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Mvuke wa boila zake ulipita chini ya ardhi kwenye mabomba na kupasha joto kila jengo la chuo, kuanzia maktaba hadi nyumba ya mkuu wa chuo. Mwenzake wa zamu ya mchana alikuwa Odell Mabry, mtu mweusi, mrefu, mwenye kicheko cha kutokea puani na sauti nzito aliyoitumia Jumapili kwenye kwaya. Baba yake Odell naye alitoka Alabama, kusini kabisa, kufuata kazi ya chuma.

Watu hao wawili walikuwa na desturi yao. Kila mchana kila mmoja alikata sandwichi yake katikati akampa mwenzake nusu. Emil alileta soseji ya Kislovakia yenye vitunguu saumu, Odell alileta nyama ya nguruwe aliyochoma mkewe. Odell alikula alichopewa bila kutazama. Emil alifunua.

"Funua, funua," Odell alikuwa akisema. "Leo nimekutia sumu kidogo tu."

"Nitajuaje kama ni kidogo?"

"Utakufa saa nane badala ya saa saba."

Hivyo ndivyo walivyoishi kwa zaidi ya miaka ishirini. Walikuwa chama kimoja cha wafanyakazi, na kwenye uchaguzi wa nchi walipigia kura chama kile kile walichopigia baba zao, bila hata kuulizana.

Miaka michache nyuma chuo kilitangaza kwamba boila zitazimwa pole pole na mahali pake patafungwa mitambo mipya ya umeme. Makamu wa mkuu wa chuo, Bwana Garrity, alisimama kantini mbele ya wafanyakazi wote akasema: hatapotea mtu hata mmoja, kila fundi wa mvuke atafundishwa mitambo mipya. Watu walipiga makofi. Emil hakupiga, lakini alisikia.

Sasa mkataba ulikuwa unakwisha, na pendekezo la mkataba mpya likaja likisema jambo jingine. Mitambo itaendeshwa na kampuni ya nje. Watu wa boila na baadhi ya wafagizi watahamishiwa kwenye kampuni hiyo, ambayo inaweza kumwachisha mtu kazi kwa sababu tu msimamizi ameamka vibaya. Wale watakaobaki chuoni wataongezewa mshahara. Katikati ya Novemba wanachama walitakiwa kupiga kura, kukubali au kukataa. Wakikataa kwa pamoja, chuo kingelazimika kurudi mezani. Wakigawanyika, mkataba ungepita, na Emil na Odell walijua wao ndio wa kwanza kutolewa.

Wiki chache kabla ya kura hiyo ndipo tangazo la semina lilipobandikwa kwenye mlango wa boila. Semina ya mshikamano, lilisema, kwa wafanyakazi wote wa mikono. Muda wa kazi, malipo kama kawaida, na kifungua kinywa kitakuwepo.

"Kifungua kinywa," Emil alisema. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mara ya mwisho walitupa nini?"

"Kofia," Odell alijibu. "Mwaka ule waliopunguza bima ya meno."

"Na kabla ya hapo?"

"Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani. Walipoondoa pensheni ya zamani."

"Basi."

Siku ya semina walikwenda pamoja, chupa moja ya kahawa kati yao. Kwenye ukumbi wa chini wa jengo la lugha walikuta meza ndefu ya donati, na nyuma ya meza milango miwili. Mmoja ulikuwa na karatasi iliyoandikwa "Wafanyakazi wa Rangi", yaani wote wasio weupe. Wa pili, "Wafanyakazi Weupe". Binti mmoja mwenye beji kifuani aliwaeleza kwa upendo mwingi kwamba kila kundi litapata mahali pake salama pa kusema yaliyo moyoni, halafu mwishoni wote watakutana.

Odell alisimama akaisoma ile karatasi, donati mkononi.

"Emil," alisema, "baba yangu alimwagiwa maji ya mipira ya zimamoto kule Alabama ili karatasi kama hii ing'olewe mlangoni. Leo naingia kwa miguu yangu, tena na donati."

Binti wa beji hakujua acheke au asicheke. Odell mwenyewe alicheka, kwa pua.

Migdalia Rosario, mwenyekiti wa chama chao, mfagizi wa maktaba aliyezaliwa Puerto Rico, alikuwa bado amesimama katikati. "Na mimi niende wapi? Mama yangu mweupe kama maziwa, baba yangu kama kahawa. Nikae hapa koridoni nilinde donati?"

"Chagua unavyojisikia ndani," binti alimwambia.

"Ndani najisikia njaa," Migdalia alisema, akachukua mbili na kumfuata Odell.

Chumba cha Emil kiliongozwa na Dokta Pell, mwanamke mwembamba mwenye sauti laini na viatu vya kupandia milima. Aliwaomba wajitambulishe, si kwa jina na kazi tu, bali waseme wanazungumza kama nani. Watu wakaanza kwa aibu: mimi kama mwanamume mweupe, mimi kama mwanamke mweupe niliyelelewa shamba. Zamu ikamfikia Emil.

"Mimi Emil. Boila."

"Karibu, Emil. Na unazungumza kama nani?"

"Kama Emil."

Watu walicheka. Dokta Pell naye alitabasamu, kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake. Emil aliifuata ile kalamu kwa macho hadi iliposimama.

Baadaye Dokta akafika kwenye somo lenyewe. Alisema hakuna ukweli mmoja uliokaa mahali ukitusubiri. Kila mtu anauona ulimwengu kutoka pale alipowekwa, na wenye nguvu ndio waliotuzoesha kuiita simulizi yao ukweli. Wasomi wana jina la fikra hizi, wanaziita usasaleo, na pale chuoni zilikuwa zimekaa muda mrefu kiasi kwamba hata orodha ya vyakula kantini ilikuwa inaomba radhi.

Emil hakuona kwamba maneno yote yalikuwa ya kipuuzi. Hilo la wenye nguvu kuiita simulizi yao ukweli, alilishuhudia jikoni kwao akiwa kijana. Lakini hilo la kwanza lilimkera. Akanyoosha mkono.

"Pale kwangu boila moja ina geji mbili, vile visahani vya kupima nguvu ya mvuke. Moja inasoma juu, nyingine chini. Lakini mvuke ulio ndani una nguvu moja tu. Ukisema kila geji ina ukweli wake, siku moja utaruka pamoja na paa."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele za watu tangu siku ya harusi yake. Alidhani amelimaliza jambo. Dokta Pell akakutanisha viganja kifuani. "Vizuri mno, Emil! Huo ndio ukweli wa watu wa mvuke," akasema, akauandika ukutani kwa kalamu ya kijani, katikati ya kweli nyingine. Emil akakaa kama mtu aliyerusha ngumi, kisha yule aliyepigwa akamshukuru.

Kabla ya kutoka waliwekeana sharti moja: yaliyosemwa chumbani yabaki chumbani. Na ile sehemu ya mwisho, ya vyumba viwili kukutana, haikufanyika. Muda ulikuwa umekwisha. Itapangwa siku nyingine, wakaambiwa.

Mchana ule wakiwa boila Emil aliuliza, "Enhe, mlisema nini kule?"

Odell alikuwa anafungua karatasi ya chakula chake. "Tulikubaliana yabaki kule."

"Hata kwangu?"

"Ninyi mlisema nini?"

Emil akakumbuka sharti. "Na sisi tulikubaliana."

"Ehe."

Odell akala sandwichi yake yote, nusu hii na nusu ile. Emil alisikia harufu ya nyama ya nguruwe hadi pale alipokuwa amekaa.

Semina zikaendelea, kila Jumanne. Emil akaanza kuona mambo. Odell na Migdalia walikuwa wakicheka nje ya maktaba, yeye akifika wananyamaza. Odell alianza kula mapema, kabla Emil hajarudi kutoka kukagua mabomba. Siku moja katika chumba cha weupe, seremala wa chuo alimwinamia sikioni.

"Umesikia? Wenzetu wale wameahidiwa usimamizi kwenye mpango mpya. Watakubali mkataba."

"Nani kasema?"

"Watu wa ofisini."

"Nani ofisini?"

"Si hao hao watu wa ofisini, bwana. Wewe unadhani wanaongea nini chumba kizima asubuhi nzima?"

Hapo ndipo Emil alipokosea, na ni kosa la ajabu kwa mtu kama yeye. Mtu aliyekagua mayai dukani, mtu aliyefunua mkate wa mkewe, habari hii hakuifunua. Aliimeza nzima nzima. Labda ni kwa sababu ilimweleza kwa nini Odell hagawi tena sandwichi yake.

Jumapili alikuja kula kwao Lonnie, kaka yake Darla, mtu mwenye pikapu kubwa na maoni makubwa zaidi. Emil alimweleza habari za semina, akidhani watacheka wote. Lonnie hakucheka. Aliweka uma chini.

"Ndicho nilichokuwa nakwambia siku zote, shemeji. Kila mtu ana kundi lake. Weusi wana lao, akina mama wana lao, wanafunzi hao wana makundi hata siwezi kuyataja. Sisi peke yetu ndio tulioambiwa kuwa na kundi ni dhambi. Na sasa wenyewe wamekufungulia chumba! Wamekuandikia mlangoni! Ingia basi, ujue wewe ni nani."

"Mwache ale," Darla alisema.

"Namfundisha."

"Umemfundisha kuvua samaki akaangukia ziwani. Mpe kabichi."

Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Maisha yake yote Emil alikuwa mtu wa boila, Mslovakia, Mkatoliki, mtu wa chama cha wafanyakazi. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba weupe ni kitu cha kukifanyia mkutano. Sasa chuo, chenye maprofesa wote wale, kilikuwa kimemwambia kwa maandishi. Alianza kujishika akisema "sisi" na kugundua watu waliomo ndani ya neno hilo wamebadilika. Zamani akisema sisi, Odell alikuwa wa kwanza kuhesabiwa. Sasa alitokea seremala, na Lonnie, na watu asiowajua waliokuwa wakifoka kwenye redio ya pikapu.

Lonnie alimwachia bango la mgombea wake wa urais alichomeke kwenye bustani. Lilikuwa la kile chama ambacho baba yake Emil asingeruhusu kitajwe mezani. Emil hakulikataa na hakulichomeka. Aliliweka gereji, uso ukutani.

"Hilo nalo unamfichia nani?" Darla aliuliza.

"Silifichi. Nimeliweka."

"Mh."

Siku chache kabla ya kura ya mkataba, Bwana Garrity alikuja boila mwenyewe, na koti zuri, akampa Emil mkono. Emil aliupokea kama mtu anayepokea samaki aliye hai.

"Bwana Garrity," alisema, "ulituambia kantini hatapotea mtu. Mbele ya watu wote."

Garrity aliinamisha kichwa kwa heshima. "Naheshimu kwamba ndivyo ulivyoyapokea, Emil. Huo ni uzoefu wako, na ni halali kabisa. Sisi upande wa uongozi tuna simulizi tofauti kidogo ya siku ile."

"Simulizi?"

"Kila mmoja wetu alikuwa mahali pake ukumbini."

"Mimi nilikuwa kiti cha mbele."

Garrity akatabasamu, akasifu usafi wa sakafu, akaenda zake. Muda wote huo Odell alikuwa amesimama pembeni akifuta mikono kwa kitambaa, macho kwenye geji. Mlango ulipofungwa, Emil alimgeukia.

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulishasema wewe. Huwa unasema wewe."

"Au umeshaahidiwa?"

Kitambaa kikasimama. "Nimeahidiwa nini?"

"Usimamizi. Chumba chenu chote. Mkikubali mkataba."

"Nani kasema?"

"Watu wa ofisini."

Odell alicheka, lakini si kwa pua. "Watu wa ofisini. Unajua sisi tuliambiwa nini? Kwamba wewe umeshapewa nafasi kwenye mitambo mipya. Wewe peke yako. Na kwamba ndiyo maana unajifanya unaupinga mkataba, kutuziba macho."

"Nani kasema upumbavu huo?"

"Watu wa ofisini."

Boila zilikuwa zinanguruma. Emil alimsogelea.

"Na ukaamini?"

"Wewe je?"

Kisha Emil akahisi nafuu kubwa, karibu acheke. "Unaona! Ni wao! Wametutenga vyumba, wamepandikiza maneno kila upande, wanangoja tugombane. Nilijua tangu siku ya donati!"

"Ngoja." Odell aliinua mkono. "Usikimbilie huko haraka hivyo, kwa sababu huko ni pazuri kwako. Hebu niulize kwa nini niliamini."

"Kwa nini?"

"Kila mwaka baada ya Sikukuu ya Shukrani unapakia pikapu lako unakwenda kambini kuwinda kulungu. Unarudi na soseji unanipa, nakushukuru. Umemchukua seremala. Umemchukua yule kijana wa umeme ambaye hakumaliza hata miezi mitatu hapa. Mimi je?"

"Hujawahi kusema unapenda kuwinda."

"Likizo zote za utoto wangu nilikuwa Alabama, na bunduki ya babu yangu mabegani. Hujawahi kuuliza."

Emil alitazama sakafu ile iliyosifiwa. Sababu alikuwa anaijua. Kambi ilikuwa ya ukoo wa Darla, na juu ya mlango wake Lonnie alikuwa amepigilia bendera ya wale Wakusini wa zamani waliopigania utumwa. Kila mwaka Emil alipita chini yake akiinamisha kichwa, akijiambia ni kitambaa tu.

"Nilikuwa nakuepusha," alisema. "Lonnie ana bendera pale mlangoni."

"Ile?"

"Ile."

Odell alitikisa kichwa. "Kwa hiyo ilikuwa ibaki nyumbani bendera au nibaki mimi. Ukaamua mimi."

"Sikuamua."

"Miaka yote hii, Emil. Mtu anaamua." Alikunja kitambaa, akakiweka juu ya bomba. "Hilo ndilo nililosema kule chumbani. Hapa sikuweza kulisema, kule niliweza. Yule Dokta sijui anataka nini. Garrity najua anataka nini. Lakini hili si la Garrity. Hili ni letu."

Hata wakati ule, katikati ya aibu, kuna pembe ya akili ya Emil iliyokuwa inauliza: nani kamfundisha kusema hivi? Akaitafuta sura ya mtu huyo, ya Pell, ya Migdalia, ya mtu wa ofisini. Hakuipata. Alimwona tu Odell amesimama mbele yake na viatu vyake vya kazi.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Lonnie akamwambia bendera iondoke.

"Wameshakugeuza," Lonnie alisema kwa huruma ya kweli. "Semina imekuingia, shemeji."

"Semina haijaniingia. Toa bendera."

"Kambi ni ya baba yangu."

"Basi mwaka huu siji."

"Kwa ajili ya yule? Na wiki ijayo anapiga kura ya kukuuza ukiwa umelala?"

Emil aliondoka. Hakumwambia Odell habari hiyo. Alilipima jambo hilo kila upande: akimwambia kabla ya kura, Odell ataona ananunua kura. Akimwambia baada ya kura, ataona anailipia. Basi akanyamaza, na kunyamaza kwake, kwa aliyemtazama, kulionekana ni kama kwa mtu mwenye kuficha kitu.

Kura ilipigwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa la Waslovakia, unaonuka kabichi mwaka mzima. Chama chao hakikutumia karatasi. Walirithi kwa wazee wa kiwandani desturi ya kupiga kura kwa miguu: anayekubali asimame ukuta wa jikoni, anayekataa asimame ukuta wa madirisha, kila mtu aone. Emil alipoingia aliona watu wamekaa mafungu mawili, weupe huku, wengine kule, kama walivyokaa Jumanne zote. Hata watu waliozoea viti vyao kwa miaka walikuwa wamehama.

Mmoja akapendekeza safari hii kura iwe ya siri. Mwingine akapendekeza waanze kusema wale ambao sauti zao huwa hazisikiki. Mwingine akauliza nani atapima sauti ya nani haisikiki. Zogo likaanza. Migdalia akagonga meza kwa kiatu chake.

"Chumba hiki kina kuta mbili na ninyi mna miguu. Tembeeni."

Hakuna aliyetembea. Kila mtu alikuwa anamngoja mwenzake aonyeshe alichoahidiwa. Mwishowe Emil aliinuka akaenda ukuta wa madirisha, akasimama peke yake kama kitundikio cha makoti. Aligeuka kuwatazama wa kwao. Seremala aliinuka, akajifuta suruali, akaenda ukuta wa jikoni. Wawili watatu wakamfuata, macho chini. Emil hakushangaa sana. Alishangaa tu kwamba mtu huyo ndiye aliyempa ile habari, naye hakumfunua.

Odell alikuwa bado amekaa. Fungu lake lote lilikuwa linamtazama. Alipoinuka kiti kilipiga kelele sakafuni.

"Siendi pale kwa ajili ya Emil," alisema kwa ile sauti ya kwaya. "Muelewe hivyo. Mimi na yeye tuna yetu, na hayajaisha. Naenda kwa sababu siku ile kantini nilikuwa kiti cha pili, nyuma yake, na nilisikia alichosikia. Bwana Garrity anasema hiyo ni simulizi. Ninyi mlikuwepo. Mlisikia simulizi au mlisikia ahadi?"

"Ahadi," mama mmoja wa jikoni alisema.

Odell alitembea hadi ukuta wa madirisha. Hakusimama karibu na Emil. Alikwenda mwisho kabisa, pembeni ya mlango, akakunja mikono. Kisha viti vikaanza kulia, na watu wakaja wakajaza nafasi iliyokuwa kati yao, wa mafungu yote mawili, hadi Emil hakumwona tena.

Mkataba ulikataliwa. Garrity alituma ujumbe akikiita kitendo hicho fursa ya kusikilizana, na mpango wa kampuni ya nje ukasogezwa mwaka mmoja mbele. Semina zilikoma wiki ile ile. Nani alizitaka na kwa nini, hakuna aliyejua. Nani alieneza zile habari mbili zilizofanana kama mapacha, hakuna aliyejua pia, na Emil aliendelea kutazama kila mtu wa ofisini mikono. Bango la Lonnie lilibaki gereji, uso ukutani. Hakulichomeka, lakini hakulitupa.

Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu, nusu ya wanaume wa mji walikuwa porini. Odell alifika kazini akakuta taa zinawaka na Emil yuko chini ya boila ya pili anafunga valvu.

"Leo si siku ya kulungu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona uko hapa?"

"Mgongo."

"Mgongo umefanya nini?"

"Unauma."

Odell alimtazama anavyoinuka kutoka chini ya boila bila kushika kiuno, bila kuguna. Alivua koti akalitundika.

Mchana walikaa pale wanapokaa. Odell alifungua karatasi yake, akaitazama sandwichi, akachukua kisu akaikata katikati. Akasogeza nusu. Emil naye akakata yake, akasogeza nusu. Mkono wake ukaenda kwenye mkate wa juu wa nyama ya nguruwe, kisha ukasita hewani.

"Funua tu," Odell alisema.

Emil akafunua. Nyama, haradali, tango la siki. Akafunika.

Alipoinua macho alimwona Odell, ambaye miaka yote ile alikula bila kutazama, ameushika mkate wa juu wa sandwichi ya soseji kwa vidole viwili. Aliuinua pole pole. Alichungulia ndani kwa muda, kama mtu anayesoma geji asiyoiamini, kisha akaurudisha mkate mahali pake na kuuma.